Flashi Moja, Stesheneri Moja, Mji Mzima: Namna ya Kuilinda Kompyuta Yako

Ukishuka kwenye basi Katoro, Masumbwe, Kakola au Kahama mjini, huna haja ya kuuliza kama kuna stesheneri. Ipo. Inatoa fotokopi, inaprinti, inaskani, inapiga picha za paspoti, inajaza maombi ya chuo na ya mkopo wa HESLB, na pembeni inaingiza nyimbo kwenye memori kadi. Kompyuta ni moja au mbili. Kwenye foleni yupo mwalimu mwenye mtihani wa nusu muhula, mchimbaji mwenye mkataba wa duara, mama mwenye barua ya kikundi cha vikoba na mwanachuo mwenye ripoti ya fildi. Kila mmoja ana flashi mkononi, na flashi zote zinaingia kwenye tundu lile lile.

Mimi ni mzaliwa wa Shinyanga, nasomea ualimu, na mazoezi ya kufundisha nimeyafanyia mkoa wa Geita. Wanachuo wenzangu wengi tunatoka au tunapangiwa maeneo ya namna hii, na laptopu zetu tunazinunua zikiwa tayari zimetumika na watu wengine. Ushauri mwingi wa usalama wa kompyuta umeandikiwa mtu mwenye intaneti isiyokatika, umeme wa uhakika na mashine mpya yenye leseni. Makala hii ni kwa ajili yetu sisi wenye bando la kuhesabu, umeme wa kukatika na flashi inayozunguka. Nitaeleza kitu kinavyofanya kazi kwanza, halafu niseme cha kufanya, kwa sababu ukielewa sababu hutahitaji kukariri.

Flashi ni kama sindano

Kirusi kinachosumbua zaidi kwenye stesheneri zetu ni kile kinachogeuza mafolda kuwa "shotikati". Unachomeka flashi, unaona majina ya mafolda yako yote yapo, lakini kila moja lina kishale kidogo pembeni na ukubwa wake ni KB moja au mbili. Watu wengi hapo hupiga kelele kwamba faili zimeliwa, halafu wanafomati flashi. Hapo ndipo wanapojimaliza wenyewe.

Ukweli ni kwamba faili hazijaliwa, zimefichwa. Kirusi kinaweka alama kwenye mafolda yako kwamba ni ya mfumo na yasionekane, kisha kinatengeneza shotikati zenye majina yale yale. Ukibofya shotikati, inafanya mambo mawili kwa pamoja: inaamsha kirusi, halafu inakufungulia folda halisi ili usishtuke. Kuanzia hapo kompyuta hiyo itaambukiza kila flashi itakayochomekwa.

Kwa nini kirusi kinahangaika na ujanja huo wote? Zamani, enzi za Windows XP, flashi ilikuwa na uwezo wa kuendesha programu yenyewe mara inapochomekwa. Kuanzia Windows 7, Microsoft walifunga mlango huo. Sasa kwa kawaida kirusi cha namna hii hakiingii chenyewe, kinahitaji kidole chako kikibofye. Kwa hiyo kinga ya kwanza ni ya bure kabisa: usibofye kitu chenye kishale ndani ya flashi.

Wiki ya mwisho ya mazoezi yangu, mwalimu wa taaluma wa shule niliyokuwapo aliniita ofisini. "Mwalimu, hebu njoo uone. Flashi imekula matokeo." Alikuwa ametoka kuprinti stesheneri. Alama za wanafunzi wa kidato cha pili, masomo yote, zilizoingizwa kwa siku tatu, zilikuwa humo tu. Karatasi za mitihani zilikwisha kurudishwa kwa wanafunzi, na kikao cha wazazi kilikuwa kesho kutwa yake. Mkuu wa shule alishaanza kusema kila somo likusanye upya.

Nilianza kwa kuangalia flashi imejaa kiasi gani. Ilionyesha zaidi ya GB 3 zimetumika, wakati vilivyoonekana havifiki hata MB moja. Hiyo ni dalili kwamba mali ipo ndani. Nikafuata hatua hizi, na wewe unaweza kuzifuata:

1. Tumia kompyuta ambayo antivairasi yake imesasishwa. Chomeka flashi, usifungue chochote, iskani kwanza na uache kirusi kifutwe.
2. Angalia flashi imepewa herufi gani. Tuseme ni E.
3. Bofya kitufe cha Windows, andika "cmd", bonyeza Enter. Kitafunguka kidirisha cheusi.
4. Andika hivi, kwa kuacha nafasi kama zilivyo: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* kisha bonyeza Enter. Amri hii inaondoa zile alama za kuficha.
5. Rudi kwenye flashi. Mafolda halisi yatakuwa yameonekana. Futa shotikati zote, nakili faili zako mahali pengine, ndipo ufomati flashi kama unataka.

Matokeo yote yalikuwepo. Kikao kilifanyika siku yake. Lakini hakikuwa na muujiza wowote ndani yake; ni amri ya mstari mmoja ambayo kila mwalimu mtarajiwa anapaswa kuwa nayo, kama anavyokuwa na chaki ya akiba mfukoni.

Kuzuia ni rahisi kuliko kutibu. Ukienda stesheneri, usibebe flashi yenye kazi zako zote. Kuwa na flashi moja ndogo ya kuprintia, ndani yake weka ile faili moja tu, tena ikiwa PDF ili mpangilio usivurugike. Ukirudi, usiichomeke kwenye laptopu yako kabla ya kuiskani. Au tuma faili kwa barua pepe ya stesheneri na uache flashi nyumbani. Na ukifungua WhatsApp yako kwenye kompyuta yao, usiondoke hivi hivi: ingia kwenye simu, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, uitoe. Muombe pia muhudumu afute nakala ya cheti chako au kitambulisho chako alichoskani, na amwage pipa la taka la kompyuta. Wengi hawakatai ukiomba kwa heshima.

Masasisho: ni matimba ya duara

Wachimbaji wadogo wanajua kwamba duara haliachwi wazi. Kuta zinashikiliwa na magogo, matimba, na matimba yakioza yanabadilishwa kabla ya kuta kushuka. Hakuna anayesubiri udongo uanze kudondoka ndipo aende kukata magogo.

Masasisho ya kompyuta ndiyo hayo. Programu imeandikwa na binadamu, na ndani yake kuna makosa. Baadhi ya makosa hayo ni nyufa ambazo mtu mbaya anaweza kupenyea. Mtengenezaji akiugundua ufa, anatoa kiraka. Tatizo ni kwamba akishatoa kiraka, kila mtu duniani, wakiwemo wezi, anajua ufa ulikuwa wapi. Aliyekiweka kiraka yuko salama. Asiyekiweka sasa yuko hatarini zaidi kuliko jana.

Mfano mkubwa ni wa mwaka 2017. Tarehe 14 Machi Microsoft walitoa kiraka cha ufa mmoja ndani ya Windows. Mwezi uliofuata, njia ya kupenya kwenye ufa huo ilivujishwa hadharani. Tarehe 12 Mei, karibu miezi miwili baada ya kiraka kutoka, programu haribifu iliyoitwa WannaCry ilianza kusambaa yenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta, ikifunga faili za watu kwa ufunguo na kudai malipo. Ilifika zaidi ya nchi 150 na kompyuta zaidi ya 200,000. Uingereza, hospitali za umma zilikwama na maelfu ya wagonjwa waliahirishiwa miadi yao. Kompyuta nyingi zilizoathirika zilikuwa za Windows 7 ambazo kiraka kilikuwepo lakini hakikuwekwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe wakati mwingine ni ripoti ya utafiti ya miezi sita.

Microsoft hutoa viraka vyao Jumanne ya pili ya kila mwezi, ambayo kwa saa zetu huwa ni usiku. Kwa hiyo una ratiba: kuanzia Jumatano inayofuata Jumanne hiyo, tafuta intaneti nzuri, fungua Windows Update, acha ifanye kazi yake. Laptopu iwe na chaji ya kutosha, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya sasisho kwenye kompyuta isiyo na betri, mfumo unaweza kugoma kuwaka. Kwa kompyuta ya mezani isiyo na UPS, usianze kusasisha wakati mawingu yameshatanda.

Windows 10 imefika mwisho wa huduma

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Kompyuta yako haikuzimika siku hiyo, na hapo ndipo mtego ulipo: inawaka, inafungua Word, inacheza filamu, lakini viraka vya bure vya kila mwezi vimesimama. Ni duara lile lile, ila hakuna tena anayeleta matimba.

Kujua unatumia toleo gani, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika "winver", bonyeza Enter. Ukikuta ni Windows 10, una njia tatu.

Njia ya kwanza ni kuhamia Windows 11 bila kulipa, ikiwa mashine yako inakidhi vigezo: RAM ya GB 4 au zaidi, nafasi ya GB 64, chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel Core, kizazi cha 8 kwenda mbele. Kizazi kinasomeka kwenye namba ya prosesa. i5-6300U ni kizazi cha 6, haipandi. i5-8350U ni kizazi cha 8, inapanda. Ndiyo maana ukienda kununua laptopu ya mtumba, usiishie kusikia "hii ni Core i5, dada". Uliza i5 ya kizazi gani. HP EliteBook 840 G3 ina kizazi cha 6, G5 kwa kawaida ina kizazi cha 8. Kwa macho zinafanana sana, na muuzaji anaweza kukutajia bei zinazokaribiana.

Njia ya pili ni kujiandikisha kwenye huduma ya nyongeza ya viraka vya usalama, inayofika tarehe 13 Oktoba 2026. Ipo njia ya kuipata bila kulipa: ingia kwenye kompyuta kwa akaunti ya Microsoft, ruhusu mipangilio yako ihifadhiwe mtandaoni, kisha jiandikishe kupitia ukurasa wa Windows Update. Hiyo inakununulia muda wa kujipanga, si zaidi.

Njia ya tatu ni kuweka mfumo mwingine wa bure. Linux Mint inahitaji RAM ya GB 2, ingawa 4 ndiyo nzuri, na unaweza kuijaribu moja kwa moja kutoka kwenye flashi kabla ya kuamua kuiweka. Kwa mtu wa kuandika, kusoma PDF, kuvinjari na kuangalia video, inatosha kabisa. Kwa mtu ambaye kozi yake inamtaka SPSS au programu nyingine ya Windows, aulize kwanza.

Bando haliruhusu? Panga matumizi

Najua jibu la wengi: "Masasisho yanakula bando." Ni kweli, sasisho moja linaweza kuwa na mamia ya MB. Lakini kuzima masasisho moja kwa moja, kama mafundi wengi wanavyofanya, ni kung'oa mlango kwa sababu unapiga kelele. Zipo njia za kati.

Ukitumia hotspoti ya simu, ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi hiyo, washa swichi iliyoandikwa "Metered connection". Kompyuta itaelewa kwamba intaneti hii ni ya kupima, na masasisho makubwa yatasubiri. Ukifika kwenye Wi-Fi ya chuo au ukinunua bando la usiku, unayaruhusu.

Pia kuna kipengele kinaitwa Delivery Optimization, ndani ya Windows Update kwenye mipangilio ya ziada. Ukikiruhusu kwa kompyuta zilizo kwenye mtandao wenu wa ndani pekee, laptopu moja ikishusha sasisho, nyingine zilizo kwenye mtandao huo zinaweza kuchukua sehemu ya sasisho kutoka kwake badala ya zote kwenda intaneti. Chumba cha hosteli chenye watu wanne kinaweza kuokoa bando kubwa hapo.

Na kama kompyuta ya shuleni haina intaneti kabisa, Microsoft wana faili moja la kusasisha Defender ambalo unaweza kulishusha mjini, ukalibeba kwa flashi safi na kulifungua kule. Ukifanya hivyo kila mwezi, ile kompyuta ya ofisi ya walimu itakuwa imepona kuliko nyingi za mjini.

Kraki: mbwa wako anafungwa kwanza

Sasa tuongee ukweli wetu. Kompyuta nyingi mitaani "zimepigwa Windows" na fundi kwa kutumia programu ya kufungua leseni, na Office ni hivyo hivyo. Mimi siwezi kumhubiria mwanachuo anayesubiri bumu anunue leseni. Naongelea hatari tu.

Angalia maelekezo ya karibu kila kraki yanavyoanza: "Zima antivairasi kwanza." Mtu akija kwako usiku akasema mfunge mbwa ndipo niingie, utamwamini? Huenda kraki yenyewe kweli inafungua Windows, lakini huwezi kujua imebeba nini kingine. Mwaka 2021 watafiti wa usalama waliripoti nakala za KMSPico zilizobeba programu ya kuiba nywila zilizohifadhiwa kwenye vivinjari. Na ipo familia ya programu haribifu iitwayo STOP, au Djvu, ambayo kwa miaka imewalenga watu wa kawaida na wanafunzi kupitia kraki za bure. Hiyo inafunga picha, ripoti na kila faili lako, kisha inakuachia barua ya kudai malipo.

Tena mara nyingi kraki ya Windows haihitajiki. Laptopu nyingi za kampuni kubwa zilizotoka kiwandani na Windows 10 au 11 zina leseni iliyohifadhiwa ndani ya mashine yenyewe. Ukiweka toleo lile lile kutoka kwenye faili rasmi la tovuti ya Microsoft, Windows inajitambua ikipata intaneti. Kwa hiyo mwambie fundi, "Kaka, naomba uweke ya kutoka Microsoft, usiongeze kitu." Ukae pale uone.

Programu za bure zinazotosha kumaliza digrii

Kwa kuandika, LibreOffice. Ilianza mwaka 2010, ni ya bure kisheria, inafungua na kuhifadhi faili za Word na Excel. Times New Roman ikikosekana, inaweka fonti yenye upana sawa wa herufi, hivyo kurasa hazirukiruki sana. Ukimaliza, hifadhi nakala ya PDF kwa ajili ya kuprinti. Kama chuo kimekupa barua pepe ya taasisi, ijaribu pia kwenye mpango wa elimu wa Microsoft, kwa sababu vyuo vilivyosajiliwa hupewa Word na Excel za kivinjarini bila malipo.

Kwa marejeo ya utafiti, Zotero. Kwa video na sauti, VLC. Kwa kusoma PDF kwenye mashine dhaifu, SumatraPDF. Kwa wenzangu wa sayansi watakaofundisha shule zisizo na maabara, majaribio ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado yanaweza kushushwa yakatumika bila intaneti, na mengine yametafsiriwa kwa Kiswahili.

Kwa kufungua faili zilizobanwa, 7-Zip. Hapa nina neno na wapenzi wa WinRAR. Mwaka 2023 na tena 2025 ziligunduliwa nyufa kubwa ndani yake ambazo wezi walikuwa tayari wanazitumia. Viraka vilitoka, toleo 6.23 kisha 7.13, lakini WinRAR haijisasishi yenyewe. Ile uliyowekewa na fundi mwaka juzi ndiyo uliyonayo mpaka leo. 7-Zip nayo inabidi uisasishe kwa mkono, kwa hiyo usiisahau.

Kuna njia ya mkato ya kuona programu zipi zimepitwa na wakati. Kwenye kile kidirisha cheusi andika "winget upgrade". Itakuletea orodha. Ukiwa kwenye Wi-Fi nzuri, "winget upgrade --all" itazisasisha zile inazozitambua kwa mkupuo.

Antivairasi je? Windows Defender iliyomo ndani ya Windows 10 na 11 inatosha, ilimradi imewashwa na imesasishwa. Usiweke antivairasi mbili, zitagombana na mashine itakuwa nzito kama trekta la pamba.

Barua pepe ndiyo ufunguo wa nyumba

Fikiria vinavyopitia kwenye barua pepe yako: akaunti ya HESLB, mfumo wa matokeo wa chuo, na kesho kutwa maombi ya ajira. Mtu akiingia kwenye barua pepe yako, anabofya "nimesahau nywila" kwenye kila mfumo na kila kitu kinamfuata yeye.

Wadogo zetu wengi wanafunguliwa barua pepe na stesheneri siku ya kuomba mkopo. Nywila inatungwa na muhudumu, inaandikwa kwenye daftari la dukani, na namba ya simu ya kurejesha wakati mwingine ni ya duka. Kama ya kwako ilianzia hivyo, ibadilishe leo: nywila, namba ya kurejesha na barua pepe ya kurejesha. Kisha washa uthibitisho wa hatua mbili, ili mtu hata akiijua nywila yako ashindwe kuingia bila simu yako.

Nywila nzuri ni ndefu kuliko ilivyo ngumu. Maneno manne yasiyohusiana, ukichanganya na ya lugha ya nyumbani, yanakumbukika kwako na ni kazi kwa mashine kuyabahatisha. Jina lako na mwaka wa kuzaliwa havihesabiki kuwa nywila. Na kila mfumo uwe na yake. Ukishindwa kuzikumbuka, Bitwarden ni ya bure na inazitunza.

Akiba haiozi

Binamu yangu anatunza hesabu kwenye mtambo wa elusheni nje ya mji wa Geita: nani ameleta kaboni, imetoka dhahabu gramu ngapi, nani analipwa na nani anadaiwa gharama za kuchenjua. Kila jioni ananakili faili kwenye diski ya nje inayokaa nyumbani, anaituma kwenye Google Drive, na anaprinti ukurasa mmoja. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua hivyo. Akanijibu, "Dada, hapa faili likipotea si hasara, ni ugomvi."

Anachofanya ndicho wataalamu wanachokiita kanuni ya tatu, mbili, moja: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa mahali pengine. Laptopu ikiibiwa hosteli, ile ya mtandaoni ipo. Akaunti ikifungwa, diski ipo. Google Drive inakupa GB 15 bila kulipa, na ripoti yako ya utafiti haifiki hata MB 20. Ila diski ya nje usiiache imechomekwa muda wote, kwa sababu programu ya kufunga faili ikiingia, itaifunga na hiyo.

Kwa walimu watarajiwa

Haya yote si mambo yetu binafsi tu. Mwakani baadhi yetu tutakuwa ndio "mwalimu wa kompyuta" wa shule nzima, hata kama tumesomea Historia na Kiswahili, kwa sababu tu sisi ni vijana. Tutakabidhiwa alama, namba za simu za wazazi, taarifa za afya za watoto na usajili wa watahiniwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazitaka taasisi zinazokusanya taarifa za watu zizilinde. Flashi yenye matokeo ya shule ikisahaulika kwenye tundu la kompyuta ya stesheneri, hizo ni taarifa za watoto wa watu zimebaki barabarani.

Ukiona yote haya ni mengi, yagawanye. Leo usiku badilisha nywila ya barua pepe na uwashe hatua mbili. Ni dakika kumi. Kesho andika "winver" ujue umesimama wapi. Jumamosi, kwenye Wi-Fi ya chuo, sasisha Windows na programu zako. Jumapili nakili ripoti yako sehemu mbili. Na ukipata elfu kumi na kitu ya ziada, nunua flashi ndogo ya kuprintia, uiandike kwa kalamu ya maki: STESHENERI TU.